Mamlaka ya Wawili: Nafsi, Ukoo na Utawala katika Utemi wa Ihanzu, Mkoani Singida

Utangulizi

Katika hesabu za utawala wa kikoloni, nchi ya Ihanzu ilikuwa na mtemi mmoja, naye alikuwa mwanamume. Katika matambiko ya mvua ya nchi hiyohiyo watemi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na hakuna kati yao aliyeweza kuikamilisha kazi bila mwenzake. Tofauti hii inaweza kuchukuliwa kuwa kasoro ndogo ya uandishi: karani hakuuliza, mzee hakusema. Makala hii inaichukua kwa uzito zaidi. Hoja yake ni kwamba hesabu hizo mbili zinatokana na majibu mawili tofauti kwa swali moja la kifalsafa, yaani, mwenye mamlaka ni nani? Jibu linaloshinda ndilo linaloamua nani ataandikwa, nani atalipwa, nani atafutwa, na nani atabaki bila hata kufutwa kwa kuwa hakuwahi kuandikwa.

Ihanzu iko kaskazini mwa mkoa wa Singida, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limo ndani ya wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka wilaya ya Iramba. Wenyeji wake ni Waihanzu, ambao maandishi mengi huwaita Waisanzu. Wamepakana na Wanyiramba, na upande wa Ziwa Eyasi wamepakana na Wahadzabe. Ni nchi kavu. Mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika sehemu kubwa ya mkoa wa Singida kiasi chake kwa mwaka ni takribani milimita 500 hadi 800. Mazao ya asili ni mtama na uwele, ambayo huvumilia ukame lakini hayauvumilii ukame unaokuja katikati ya msimu, mimea ikiwa bado michanga. Katika mazingira kama hayo, mwaka wa mvua mbaya ulikuwa habari ya utawala kama ulivyokuwa habari ya shamba, kwa maana watu waligeuza nyuso zao kuelekea Kirumi, makao ya watemi, na kuuliza kulikoni.

Watafiti wawili ndio msingi wa yale yanayojulikana kwa kina kuhusu matambiko hayo. Virginia Adam alifanya utafiti Ihanzu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa hiyo aliushuhudia utemi katika siku zake za mwisho za kutambuliwa kisheria. Todd Sanders alifika miaka thelathini baadaye, na mwaka 2008 akatoa kitabu chake juu ya mvua na maana yake katika jamii hiyo. Makala hii haikusudii kuurudia uchambuzi wao wa kianthropolojia. Inalenga kuuliza swali ambalo uchambuzi huo unalileta hadi mlangoni na kuliacha hapo, yaani, nadharia ya mamlaka iliyomo ndani ya matambiko hayo inasema nini kuhusu mtu na utawala.

Wenye mvua

Masimulizi ya asili ya Waihanzu yanaeleza kwamba walitoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Ukoo wa Anyampanda ndio uliohusishwa na mvua, na kutoka tawi lake la Kirumi ndipo watemi walipotoka. Waihanzu hufuata nasaba ya upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mrithi wa mwanamume katika mambo ya ukoo ni mtoto wa dada yake. Jambo hili huelezwa kwa sentensi moja katika vitabu vingi kisha likaachwa, ilhali ndilo linalobeba uzito wote wa hoja inayofuata. Mtemi mwanamume hawezi kumzaa mtemi. Watoto wake ni wa ukoo wa mke wake. Utemi ukiendelea, unaendelea kwa sababu dada zake wamezaa. Kwa hiyo mwanamke hakuwa pembeni ya utemi, wala hakuwa njia tu ya kuupitisha kutoka mwanamume mmoja hadi mwingine. Alikuwa ndiye chimbuko la utemi, na utaratibu wa Ihanzu ulilitambua hilo kwa kumpa sehemu yake katika kuutekeleza.

Watemi wawili wa Kirumi hawakuwa mume na mke. Walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, kwa mfano kaka na dada, au mjomba na mpwa wake wa kike. Msomaji aliyezoea historia za falme ambako malkia ni mke wa mfalme anapaswa kusita hapa. Mamlaka ya mke wa mfalme hutokana na ndoa, na ndoa ikivunjika au mfalme akifa, mamlaka hayo hutikisika. Mamlaka ya mtemi mwanamke wa Ihanzu yalitokana na damu ileile iliyompa ndugu yake nafasi yake. Hakumwazima.

Kwa nini wawe wawili? Jibu la Waihanzu, kama linavyodhihirika katika matambiko yenyewe, ni kwamba mvua hupatikana kama vile uhai mwingine unavyopatikana, kwa kukutana kwa cha kike na cha kiume. Mawe ya mvua yenyewe yalikuwa ya kike na ya kiume. Mambo mengi ya kila siku, kuanzia nyumba hadi shamba, yalifikiriwa kwa mpangilio huohuo wa pande mbili zinazohitajiana. Mvua ilipokawia sana, wanawake kwa wingi wao walikuwa na ngoma zao maalumu za kuitafuta, na wanaume walitakiwa kukaa mbali. Haya hayakuwa mapambo ya tambiko. Yalikuwa maelezo ya jinsi ulimwengu unavyofanya kazi, na utawala ulijengwa ufuate maelezo hayo.

Kiswahili kinasaidia kuliona jambo hili kwa sababu kina maneno kadhaa mahali ambapo lugha nyingine hutosheka na moja. Mamlaka lina shina moja na kumiliki na milki. Mwenye mamlaka, kwa asili ya neno, ni mwenye kumiliki. Madaraka ni wingi wa daraka, yaani wajibu ambao mtu amebebeshwa na ambao huulizwa habari zake. Mtemi hutokana na kitenzi kutema, kwa maana ya kukata: wengine hueleza kuwa ni kukata msitu ili kuifungua nchi, wengine kuwa ni kukata shauri. Kati ya maneno haya, daraka ndilo linaloukaribia zaidi utemi wa Kirumi. Watemi waliitwa wenye nchi, lakini umiliki huo haukuwanyang'anya watu mashamba yao. Ulimaanisha kwamba mvua isiponyesha wao ndio wa kuulizwa. Na waliulizwa wote wawili.

Mafahali wawili na zizi moja

Wahenga wa pwani walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mabaharia wakaongeza kwamba chombo chenye manahodha wawili huenda mrama. Methali hizi zina hekima yake, na historia ya siasa ina mifano mingi ya kuzithibitisha. Zina pia dhana iliyojificha, nayo ni kwamba wawili wanaotawala lazima wawe wa namna moja, kila mmoja akitaka kile anachokitaka mwenzake. Utemi wa Ihanzu unaijibu methali bila kuipinga. Zizi lenye mafahali wawili lina vita. Zizi lenye fahali mmoja bila jike halina ndama, na hakuna aliyewahi kuliita zizi hilo imara.

Falsafa ya siasa ya Ulaya, kwa sehemu kubwa, imesimama upande wa methali. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1651, aliona kwamba watu wengi huwa kitu kimoja pale tu wanapowakilishwa na mmoja, iwe ni mtu mmoja au baraza moja, na kwamba kuyagawa mamlaka makuu ni kuyavunja. Ernst Kantorowicz, katika kitabu cha mwaka 1957 juu ya wafalme wa zama za kati, alionyesha kwamba wanasheria wa Uingereza walimpa mfalme miili miwili: mwili wa nyama unaougua na kufa, na mwili wa kisiasa usiokufa. Fikra hiyo iliwasaidia kueleza jinsi ufalme unavyoendelea mfalme anapozikwa. Ukiiweka kando ya Ihanzu, tofauti inajitokeza wazi. Kule mtu mmoja alibeba miili miwili. Huku mamlaka moja yalibebwa na watu wawili. Tatizo lililokuwa likitatuliwa lilikuwa moja, yaani jinsi ya kuufanya utawala uwe mkubwa kuliko mtu anayeushika. Waingereza walimkuza mtu kwa mawazo ya kisheria. Waihanzu walikubali kwamba mtu ana mpaka, wakamwekea mwenzake.

Mjadala wa falsafa ya Kiafrika kuhusu utu nao unahitaji kuongezewa kitu hapa. Ifeanyi Menkiti, katika makala yake ya mwaka 1984, alishikilia kwamba utu kamili si jambo la kuzaliwa nalo. Mtu huufikia hatua kwa hatua ndani ya jamii. Kwame Gyekye alimjibu kwamba jamii humlea mtu lakini haimuumbi, kwa kuwa akili na uwezo wa kuchagua ni vyake tangu mwanzo. Mjadala huu umekuwa na manufaa, na pia umekwama, kwa sababu pande zote mbili huuliza jinsi mtu anavyokuwa kamili kisha huchukulia kwamba mtu aliyekamilika anatosha kutawala. Kirumi ilitenganisha mambo hayo mawili. Mtemi mwanamume alikuwa mtu kamili, mwenye nyumba, mashamba, watoto na heshima. Mtemi mwanamke kadhalika. Kilichokosa ukamilifu kwa kila mmoja wao akiwa peke yake kilikuwa ni utawala. Mtu ni watu, kama wasemavyo Waswahili. Lakini Ihanzu ilisema jambo jembamba zaidi, kwamba mtawala ni wawili.

Si haki, hata hivyo, kuupamba utemi huu. Kuhitajiana si sawa na kuwa sawa. Nafasi ya mwanamke wa Kirumi ilikuwa yake kwa sababu alizaliwa Anyampanda. Mwanamke wa ukoo mwingine hakuwa na mlango wa kuingilia, wala mwanamume wa ukoo mwingine. Mpangilio unaompa mwanamke nafasi kwa kuwa ni mwanamke humfunga pia ndani ya nafasi hiyo. Na mvua ilipokatika, lawama haikuishia kwa watemi. Walitafutwa watu waliosadikiwa kuifunga mvua kwa uchawi, na aliyenyooshewa kidole hakuwa na utetezi mwepesi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini hofu haifutwi kwa tangazo la serikali. Mtafiti anayeutaja usawa wa Kirumi bila kuwataja watu hawa atakuwa ameandika nusu ya habari, kosa lilelile analomlaumia karani wa kikoloni.

Boma na jina moja

Wajerumani walijenga boma Mkalama mwanzoni mwa karne ya 20, ili kuishika sehemu ya kaskazini ya Singida. Dola iliyojengwa kwa boma inahitaji mtu wa kuitwa bomani, na ni rahisi kumwita mmoja kuliko wawili. Haikuwa hila ya pekee kwa Ihanzu. Kusini yake, kwa Wanyaturu, ambao hufuata nasaba ya upande wa baba na ambao hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima, mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo. Huko wakoloni hawakupata hata wa kumpunguza, walilazimika kumtengeneza.

Ni kwa Wanyaturu haohao ambako masimulizi yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani na ambaye husemekana aliwatuma nyuki kuwashambulia askari wao. Uwanja wa michezo wa mjini Singida, uliojulikana kwa muda mrefu kama Namfua, sasa una jina lake. Kumbukumbu hiyo ni njema. Inafaa tu kuangalia umbo lake: leo Liti huitwa malkia, yaani hutafsiriwa katika cheo cha mtu mmoja aliye juu ya wote, cheo ambacho jamii yake haikuwa nacho. Hata heshima inapotolewa, hutolewa kwa kipimo cha boma.

Waingereza waliirasimisha hali hiyo. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwafanya machifu kuwa ngazi ya chini ya serikali. Chifu alikuwa na mshahara, hazina, baraza la kuhukumia mashauri, na kazi ya kukusanya kodi. Huko Ihanzu aliyepewa kazi hizo alikuwa mtemi mwanamume. Ndugu yake wa kike aliendelea na kazi yake ya mvua, nje ya orodha. Hapo ndipo utemi ulipopasuka katikati. Upande mmoja ulipata karatasi, fedha na askari. Upande mwingine ulibaki na mawe, dawa na masika. Kwa macho ya serikali huo wa pili haukuwa utawala. Ulikuwa mila, neno ambalo katika lugha ya utawala limetumika mara nyingi kama sanduku la kuwekea mambo yasiyo na bajeti.

Kilichofutwa mwaka 1963

Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru iliondoa utambuzi wa machifu. Sababu zake zilieleweka: machifu wengi walikuwa wamekuwa mkono wa ukoloni, na taifa lenye makabila zaidi ya mia moja halikuweza kujengwa juu ya mamlaka za kikabila. Julius Nyerere, ambaye serikali yake ilipitisha sheria hiyo, alikuwa mwenyewe mtoto wa Burito, mtemi wa Wazanaki. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameandika juu ya ujamaa kama udugu unaotoka ndani ya familia ya Kiafrika, na mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, alikiri kwamba jamii hiyo ya asili ilikuwa na kasoro, mojawapo ikiwa ni hali duni ya wanawake.

Ukiri huo ni wa kweli kwa sehemu nyingi za Tanzania. Kwa Ihanzu unazaa kinaya. Taasisi ambayo ndani yake mwanamke alishika nusu ya mamlaka makuu ilifutwa bila nusu hiyo kutajwa, kwa sababu sheria hufuta ofisi na mwanamke huyo hakuwa na ofisi. Mtemi mwanamume alipoteza mshahara, baraza na nafasi ya kuhukumu. Mtemi mwanamke hakupoteza kitu ambacho sheria ilijua kuwa anacho. Kwa maneno mengine, kilichofutwa mwaka 1963 ni ile nusu ambayo boma lilikuwa limeitengeneza. Sanders alipofika miaka ya 1990, akakuta matambiko ya mvua ya Kirumi yanaendelea na pande zake mbili, wakati mabaraza ya chifu yalikuwa yamebaki kumbukumbu za wazee. Kwa mujibu wa nadharia ya Hobbes hili ni fumbo: mamlaka yaliyogawanywa ndiyo yaliyodumu, na yaliyounganishwa katika mtu mmoja yakaondoka kwa kalamu moja.

Pingamizi moja linastahili nafasi hapa. Inaweza kusemwa kwamba matambiko yalidumu kwa kuwa hayakuwa na nguvu, na kwamba serikali haina haja ya kukifuta kisichoitishia. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Halielezi, hata hivyo, kwa nini watu wenye mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge waliendelea kupeleka kuku, nafaka na jasho lao Kirumi. Mwenyekiti wa kijiji huulizwa habari za barabara na michango ya shule. Hakuna anayemuuliza habari za mvua, wala mwenyewe hadai. Daraka hilo lilibaki wazi, na waliokuwa tayari kulibeba ni wale waliolibeba zamani.

Mwenza na naibu

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina neno ambalo mtu wa Kirumi angelisikiliza kwa makini: mgombea mwenza. Mwenza, kwa Kiswahili cha kawaida, ni mtu wa pamoja, mshirika wa jambo lilelile. Katika utaratibu wa kikatiba mwenza akishachaguliwa huwa Makamu wa Rais, na makamu hukamata kiti pale kiti kinapobaki wazi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kufuatia kifo cha Rais John Magufuli. Utaratibu huo ulifanya kazi yake vizuri, na ni ule wa miili miwili ya Kantorowicz: mtu amekufa, kiti hakikufa. Mtemi mwanamke wa Ihanzu hakuwa makamu kwa maana hiyo. Hakungoja ndugu yake afe ndipo awe na kazi. Ndugu yake akifa, kazi yake yeye pia husimama, hadi apatikane mwingine.

Septemba mwaka huohuo, huko Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia kwa jina la Chifu Hangaya. Uchifu ulirudi hadharani baada ya miaka hamsini na minane, na safari hii alikuwa mwanamke. Lakini ulirudi na umbo ulilopewa mwaka 1926, jina moja juu ya kiti kimoja. Viti maalumu vya wanawake bungeni, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30, navyo hufuata hesabu hiyohiyo: huongeza idadi ya watu mmojammoja katika chombo, bila kugusa wazo kwamba kila kiti kina mtu mmoja anayetosha. Huenda hakuna njia nyingine kwa taifa la mamilioni ya watu. Utemi wa Ihanzu ulihudumia nchi ndogo, watu waliojuana, na kazi moja kubwa.

Lililo wazi ni kwamba mtafiti anayekusanya habari za uongozi wa jadi katika mkoa wa Singida bado huenda na dodoso lenye mstari mmoja ulioandikwa jina la kiongozi. Mzee wa Ihanzu akiulizwa swali hilo kwa njia hiyo atajibu kwa adabu, atataja jina moja, na jina hilo litakuwa la kweli. Mstari wa pili itabidi uchorwe na mtafiti mwenyewe kabla hajaondoka chuoni.